Kijana Wetu Yuko Mafunzoni Mahakamani: Tumsaidie Kubeba Msongo wa Mawazo



Katika ukurasa wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na usafi wa maji. Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya jambo lisiloonekana kwa macho wala kupimwa kwa kipimajoto, lakini linaingia katika nyumba zetu. Nalo ni msongo wa mawazo unaowapata vijana wetu wanapokuwa katika mafunzo kwa vitendo mahakamani, polisi, magerezani na katika ofisi za ustawi wa jamii.

Kutoka vijiji kama Mkula, mkoani Simiyu, vijana huenda kusoma mbali. Wapo waendao Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Wapo wa Chuo cha Ustawi wa Jamii Dar es Salaam, na wapo wanaosoma sheria katika vyuo vikuu. Mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Vyuo hivi havimwachi mwanafunzi darasani tu. Humpeleka kazini kwa wiki au miezi kadhaa, akaone kwa macho yake yale aliyoyasoma vitabuni. Vijana wenyewe huita kipindi hicho fildi.

Sisi wazazi tunafurahi. Tunauza dengu au pamba, tunamshonea sketi nyeusi na blauzi nyeupe, tunamlipia nauli na kodi ya chumba. Lakini ni wachache kati yetu wanaojiuliza: huko aendako ataona nini, na nani atamsaidia kukibeba?

MFANO WA BINTI MMOJA

Tuchukue mfano. Hatumtaji mtu, maana mfano huu ni wa wengi.

Binti wa Mkula amepangiwa wiki nane katika mahakama mjini Bariadi. Wiki ya kwanza anafurahi. Wiki ya pili anapewa kazi ya kupanga majalada. Katika jalada moja anakuta fomu ya polisi, ile PF3, ya mtoto wa miaka saba aliyeharibiwa na jirani. Siku ya pili anakaa mahakamani kumsikiliza mama wa mtoto huyo akitoa ushahidi. Wiki ya tatu inasikilizwa habari ya bibi kizee aliyekatwa mapanga usiku kwa kudhaniwa mchawi, eti kwa sababu macho yake ni mekundu. Binti anamkumbuka bibi yake mwenyewe. Macho yake nayo ni mekundu, kwa moshi wa kuni na samadi aliopikia miaka yote.

Tangu siku hiyo usingizi unapungua. Pikipiki ikipita usiku anashtuka. Mwishoni mwa wiki anarudi Mkula, lakini hali ugali na nyama haitaki kabisa. Kichwa kinamuuma. Mama anasema ni malaria, anapimwa, hana. Jioni mjomba anafika na jogoo mkononi: "Mwanangu, wewe sasa uko kwa hakimu. Ile kesi yangu ya shamba, hebu nisemee." Binti anaanza kulia. Baba anamwambia, "Kazi ya serikali haitaki machozi."

Hapa hakuna aliyekusudia ubaya. Hata hivyo kila mmoja amemwongezea mzigo.

MSONGO NI NINI?

Mwili wa binadamu umeumbwa na njia ya kujikinga. Ukikutana na nyoka njiani, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga katika damu kemikali iitwayo adrenalini. Moyo hupiga haraka, pumzi hukimbia, misuli hukaza, na tumbo huacha kusaga chakula. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia. Nyoka akiondoka, baada ya muda mwili hutulia.

Daktari Hans Selye, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Kanada, aliandika mwaka 1936 kwamba mwili hupita hatua tatu. Kwanza hushtuka. Kisha hupambana na kuzoea, na mtu huonekana kama yu mzima. Mwisho, shida isipokoma, huchoka. Hapo ndipo yanapokuja maumivu ya kichwa, vidonda vya koo visivyopona upesi, hasira na huzuni.

Kwa binti wetu nyoka haondoki. Yumo ndani ya jalada, na kesho kutakuwa na jalada jingine. Mwili wake unabaki tayari kupigana mchana na usiku, wakati hana wa kupigana naye.

Msongo kidogo si mbaya. Ndio unaomwamsha mwanafunzi asome kabla ya mtihani. Ubaya huja unapozidi nguvu za mtu, au unapodumu bila kupumzika.

KWA NINI KAZI HII HUELEMEA?

Sababu ni nyingi, nasi tutataja nne.

Kwanza, ni yale anayoyasikia. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wa nafsi wameeleza wazi kwamba mtu anayesikiliza mateso ya wengine mara kwa mara anaweza kuumia kana kwamba yamempata yeye. Anaota yale aliyosimuliwa. Anaanza kuwaogopa majirani wema. Hali hii huwapata wauguzi, maofisa wa ustawi wa jamii, askari na mahakimu, na mwanafunzi ambaye bado hajajenga ngozi huumia zaidi.

Pili, ni nafasi yake. Yeye ni mgeni ofisini. Si karani wala si hakimu, na hana mamlaka ya kubadili lolote. Anamwona mahabusu akirudishwa rumande mara kwa mara kwa sababu shahidi hakufika, naye hawezi kufanya kitu. Wakati huohuo kuna msimamizi atakayemwandikia alama, basi anaogopa kuuliza au kusema kwamba amechoka.

Tatu, ni fedha. Fildi mara nyingi haina mshahara. Kuna kodi, nauli na chakula. Kijana anayekunywa chai kavu asubuhi na kula mara moja kwa siku hana nguvu ya kubeba huzuni ya watu wengine.

Nne, ni sisi ndugu zake. Katika vijiji vyetu watu wanajuana. Mtuhumiwa anaweza kuwa mtoto wa jirani, na mlalamikaji mke wa binamu. Ndugu wanataka habari, na wengine wanataka upendeleo. Kijana akikataa anaitwa mwenye majivuno. Akikubali anaingia katika rushwa, na kazi yake inaharibika kabla haijaanza. Mzigo huu wa nne tunaweza kumtua sisi wenyewe, leo hii.

DALILI ZAKE

Mzazi aangalie mambo haya:

- Hapati usingizi, au analala mno na kuamka amechoka.
- Kichwa, mgongo au tumbo linauma, na vipimo havionyeshi ugonjwa.
- Hamu ya kula imetoweka.
- Anakasirika kwa jambo dogo, au analia bila sababu ya kuonekana.
- Anajitenga na rafiki zake, hataki kwaya wala mpira alioupenda.
- Anashtuka ovyo, au anaona tena akilini picha za mambo aliyoyasikia.
- Ameanza kunywa pombe ili alale.
- Anawazungumzia watu wote kwa dharau: "Wahalifu wote ni wanyama tu."

Dalili hii ya mwisho wengi huidhani kuwa ukomavu. La hasha! Moyo ulioumia ukikosa tiba hujifunga gamba kama kobe. Kijana wa namna hiyo akiwa askari atapiga, na akiwa hakimu hatasikiliza. Basi kumtunza leo ni kuwatunza pia watu watakaosimama mbele yake kesho.

NJIA ZISIZOFAA

Pombe hulewesha huzuni kwa saa chache, lakini huvuruga usingizi, na asubuhi huzuni huamka pamoja na maumivu ya kichwa. Vidonge vya usingizi vilivyonunuliwa dukani bila daktari ni hatari. Kukaa kimya kabisa nako hakufai. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

NJIA ZINAZOFAA

Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Marekani, Richard Lazarus na Susan Folkman, walieleza kwamba watu hukabili shida kwa njia kuu mbili: kuishughulikia shida yenyewe, au kuushughulikia moyo unaoumia. Mkulima wa pamba anazijua zote mbili. Wadudu wakishambulia pamba, hupiga dawa. Mvua isiponyesha, hawezi kupiga dawa mawingu. Hutuliza moyo, huzungumza na wenzake, na kufikiria msimu ujao. Hekima ni kujua hili ni wadudu au ni mvua.

Kwa hiyo kijana ajiulize: katika yanayonisumbua, lipi naweza kulibadili? Kama hajui kazi aliyopewa, amwulize karani mzoefu. Kama amepewa majalada ya ukatili dhidi ya watoto kila siku, amwombe msimamizi kwa heshima achanganyiwe na kazi nyingine. Kama fedha haitoshi, apange chumba na mwenzake na kupika pamoja. Hao ni wadudu, wana dawa.

Lakini mtoto yule aliyeumizwa, yeye hawezi kulifuta jambo hilo. Hiyo ni mvua. Hapo ashughulikie moyo wake:

1. Alale saa saba hadi nane. Asisome habari za kesi kitandani.

2. Atembee kwa miguu au acheze mpira angalau nusu saa. Mwili uliojiandaa kukimbia hutulia ukikimbizwa kweli. Wasukuma wana ngoma za Bagika na Bagalu; anayecheza kwa nguvu na wenzake analijua hili bila kufundishwa.

3. Moyo ukienda mbio, akae, avute pumzi polepole akihesabu hadi nne, aitoe akihesabu hadi sita. Arudie kwa dakika tano.

4. Awe na mambo ya kuonyesha kwamba kazi imekwisha: avue nguo za kazi, anawe uso, ndipo ale. Anayesali, asali.

5. Azungumze na mtu anayemwamini, kwanza mwalimu wake wa chuo au msimamizi, kisha wanafunzi wenzake.

Hapa lipo swali. Mambo ya mahakamani na polisi yana siri, je, atazungumzaje? Jibu ni hili: aseme yaliyompata moyoni, asiseme ya kesi. "Mama, leo nimesikia jambo la mtoto likaniumiza sana, natetemeka hadi sasa." Hapo hajataja jina, kijiji wala ushahidi. Siri ya mtu imelindwa na moyo umepumua.

WAZAZI TUFANYE NINI?

Tumpokee kwanza kwa chakula, si kwa maswali. Akitaka kusema, tusikilize hadi mwisho bila kukata. Asipotaka, tusimlazimishe. Zamani ilidhaniwa kwamba aliyeona jambo la kutisha lazima aketishwe mara moja asimulie lote. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linashauri kutofanya hivyo, maana kumshurutisha hakumkingi na madhara. Kukaa naye karibu, kumpa chakula na utulivu, na kuwa tayari siku atakapotaka kusema, ndiko kunakosaidia.

Tusimwambie mwanamume halii. Machozi si woga.

Tusimwulize nani ameshtakiwa wala kesi itaendaje. Tena baba au mama awe mlango: ndugu akija na jogoo, mzazi ndiye ajibu, "Shemeji, karibu chakula, lakini mtoto huyu hatumtumi kwa hakimu. Kesi ina njia yake." Neno hilo likitoka kwa mzazi, kijana hahitaji kugombana na ukoo mzima.

LINI AENDE HOSPITALI?

Hali ikidumu zaidi ya wiki mbili, au ikimzuia kula, kulala na kufanya kazi, apelekwe kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali. Mkula kuna hospitali, tusione aibu kuingia na kusema, "Mwanangu halali, ana mawazo." Mganga ataangalia kama kuna ugonjwa mwingine, na ikibidi atampa rufaa kwenda kwenye huduma ya afya ya akili, kama ile iliyopo Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Akisema afadhali afe, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, tusingoje hata siku moja. Asiachwe peke yake; sumu za pamba, dawa na kamba viondolewe karibu naye, na aende hospitali saa hiyohiyo. Tusimkemee wala kumtangaza. Huyo ni mgonjwa kama mwenye homa kali.

Binti wa mfano wetu anaweza kumaliza wiki zake nane vizuri. Anahitaji msimamizi wa kumwuliza habari za asubuhi, mwenzake wa kutembea naye jioni, mama wa kumsikiliza bila kumchunguza, na mjomba wa kurudi nyumbani na jogoo wake. Akivipata, atarudi chuoni akiwa bado na moyo unaoumia kwa ajili ya mtoto aliyeonewa. Hakimu wa namna hiyo ndiye tunayemtaka sote, siku tutakapokuwa na shida sisi.