Unyenyekevu au Hofu? Juu ya Mkristo Asiyeweza Kukataa

Katika kila usharika wamo Wakristo wasioweza kukataa jambo lo lote. Huingia kila kamati, huomba radhi pasipo kosa, na hufadhaika mkubwa akikunja uso. Sisi wachungaji huwasifu kwa unyenyekevu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingine tunachokisifu ni hofu ya zamani iliyokaa mwilini.

Daktari Mwingereza John Bowlby alifundisha kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kushikamana na mlezi, kama alivyo na haja ya chakula. Mwenzake, Mary Ainsworth, aliichunguza haja hiyo Afrika Mashariki. Mwaka 1954 na 1955 alizitembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala, na kitabu chake kikatoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto mwenye hakika na mama yake huthubutu kwenda kucheza mbali naye. Asiye na hakika hulia sana na kung'ang'ania.

Mwili ukihisi hatari, mishipa ya fahamu huuamsha moyo na pumzi kabla ya akili kufikiri, ili mtu apigane au akimbie. Lakini mtoto atakimbilia wapi, ikiwa anayemwogopa ndiye anayemlisha? Wengine hujifunza kuusoma uso wa mkubwa na kumridhisha kabla hajakasirika. Njia hiyo ikiwaokoa mara nyingi, huwa desturi ya mwili. Wakiwa watu wazima huitikia "ndiyo" kabla hawajajua watakalo.

Hatusemi kwamba heshima kwa wazee ni ugonjwa. Mwenye heshima aweza kukataa kwa upole, kisha akalala usingizi. Mwenye hofu hukubali, kisha hukesha.

Katika andiko lake la mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, Luther alifundisha kwamba utumishi hufuata kukubaliwa na Mungu. Ndugu huyu hutumika ili asikataliwe. Tukimhubiria kujikana tu, twamwongezea mzigo. Tukimkemea ajifunze kukataa, atatii ili kuturidhisha sisi. Afadhali tumwombe jambo dogo aliloruhusiwa kulikataa, na akikataa, uso wetu usibadilike. Mwenye jeraha kubwa tumpeleke pia kwa mshauri aliyesomea kazi hiyo. Hivyo mwili wake utajifunza taratibu neno ambalo masikio yake yamelisikia kila Jumapili.