Swali la Raia Lisipotee Umeme Ukikatika

Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 iliua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Beni na Butembo, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika maswali, uvumi na malalamiko ya raia. Maneno hayo yaliingizwa kwenye majedwali ya Excel, yakapangwa kwa mafungu. Familia ziliposhuku kinachozikwa ndani ya mifuko ya maiti, ikaletwa mifuko angavu, inayoonyesha aliyemo.

Mfumo wa tiketi hufanya kazi iyo hiyo: kila ombi hupewa namba, mhusika wa kulijibu, na hali yake, liko wazi au limefungwa. Excel humfaa mtu mmoja. Faili likizunguka kwenye kompyuta tano, nakala tano huzaliwa na hakuna ajuaye ipi ni ya kweli. Hapo ndipo hifadhidata inapohitajika.

Kuhusu seva ya wavuti, programu inayoufikisha mfumo huo kwenye kivinjari, wasiwasi si mkubwa. Apache ya mwaka 1995 na Nginx ya 2004 ni za bure, na yoyote inaitosha ofisi ndogo, tuseme ya Mavivi, karibu na Beni. Isipopendeza, hubadilishwa bila kugusa tiketi hata moja.

Hifadhidata ni jambo jingine, maana ndiyo inayobeba kumbukumbu zote. Wakati mwingine programu ya tiketi huamua yenyewe: osTicket hudai MySQL, ilhali Request Tracker hukubali MySQL au PostgreSQL. Penye hiari, swali la kwanza Mavivi liwe moja: umeme ukikatika katikati ya kuandika, nini hutokea?

PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye daftari lake maalumu kabla ya kuthibitisha kwamba limepokewa. Ikiwashwa upya, hulisoma daftari, hukamilisha yaliyothibitishwa na kuyaacha yaliyokatikia njiani. MySQL nayo hujiokoa hivyo kwa majedwali ya aina ya InnoDB. Yale ya MyISAM, yaliyokuwa chaguo lake la kawaida hadi toleo la 5.5 la mwaka 2010, huharibika kirahisi. Anayerithi mfumo wa zamani ayakague kabla ya kitu kingine chochote.

Wala seva si lazima ikae Ulaya. Go.Data, programu ya Shirika la Afya Duniani ya kufuatilia wagonjwa na waliokutana nao, hutumia hifadhidata ya MongoDB na huweza kufanya kazi kwenye kompyuta ya mkononi pasipo intaneti. Kompyuta kama hiyo, yenye betri nzima, Linux na PostgreSQL, ni mwanzo mzuri kuliko mashine ghali inayozimika pamoja na taa.

Kila jioni nakala itoke nje ya jengo, hata kwa flashi inayopelekwa Butembo. Ifungwe kwa usimbaji wenye neno la siri: tiketi hutaja jina la mlalamikaji na mtaa wake, na eneo la Beni limeshambuliwa na waasi wa ADF mara nyingi mno kwa orodha kama hiyo kuachwa wazi.