Daftari la Kilo na Maneno ya Baraza

Bonasi ya chai ikitangazwa, simu za wakulima wa Kericho na Bomet hazitulii. Swali ni lile la kila mwaka: mbona viwanda vya mashariki ya Bonde la Ufa vimelipa zaidi kwa kilo? Ila wanaouliza ni walewale. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya tovuti, alikadiria kwamba mtandaoni, katika watu 100, 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja hubeba karibu mazungumzo yote.

Nani basi hutoka kwenye kusoma akaingia kwenye kusema? Naamini ni yule mwenye pa kuandikia pake, uwe ukurasa wa mtandaoni au daftari la kilo.

Mazungumzo peke yake hayatoshi. Mwaka 1985 wanasaikolojia Garold Stasser na William Titus waliwagawia wanafunzi wa chuo kikuu Marekani habari za wagombea, nyingine kwa wote, nyingine kwa mmoja tu. Walipokaa kujadili, walirudia yale ambayo wote waliyajua. Lililojulikana na mmoja lilizama, na mara nyingi mgombea bora akaachwa. Miaka miwili baadaye Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha kuwa kungoja zamu ya kusema kunaziba mawazo: watu wakiandika kila mtu peke yake, hutoa mengi zaidi.

Sasa mfikirie mama anayeandika kila jioni kilo zilizopimwa kituoni, majani yaliyokataliwa na karani, na siku lori lilipochelewa hadi majani yakapata moto. Hilo la lori huenda hakuna mwingine aliyelitunza.

Kenya iliwahi kuiona kwa uchungu tofauti kati ya jukwaa la wote na ukurasa wa mtu binafsi. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipowafukuza wafanyakazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, jukwaa la mtandaoni la Mashada lilifurika matusi ya kikabila hadi mwanzilishi wake, David Kobia, akalifunga. Wakati huohuo watu walikuwa wakimpelekea mwanablogu Ory Okolloh habari kwenye blogu yake binafsi. Humo likazaliwa wazo la Ushahidi, ramani ya pamoja ya matukio, na Kobia akawa miongoni mwa walioijenga.

Kwa hiyo ningependa mwenyekiti wa mkutano wa kiwanda, kabla ya kumpa yeyote nafasi ya kusema, awaachie wakulima dakika kumi za kuandika. Mzee asiyeandika amwambie mjukuu. Kisha karatasi zisomwe zote, bila majina.