Mwizi wa kawi asiyefungwa jela

JE, msomaji, mawe ya tochi yako yanapofifia huwa unayafanyia nini? Katika nyumba nyingi huanikwa juani, yakarudishwa kwenye redio, yakaimba kwa dakika chache, kisha kimya. Mwishowe hutupwa jaani.

Lakini jiwe linalotupwa mara nyingi huwa halijakauka kabisa. Jiwe jipya lina volti 1.5. Likishuka hadi volti 1 hivi, vifaa vingi hulikataa, ingawa bado lina kawi tumboni. Ni kama mwanya wa chupa ya asali: asali ipo, ila haitoki.

Wapenzi wa elektroniki katika pembe nyingi za dunia wamekuwa wakiikamua asali hiyo kwa saketi ndogo inayoweza kukaa juu ya kidole gumba. Wenyewe huiita mwizi wa jouli. Jouli ni kipimo cha kawi, na kwa Kiingereza jina hilo husikika kama "mwizi wa vito". Huo ni utani wa mafundi.

Mchoro uliowasha moto huo ulichapishwa Novemba 1999 katika jarida la Uingereza, Everyday Practical Electronics. Mwandishi wake alikuwa Z. Kaparnik wa mji wa Swindon. Mbinu yenyewe ilikuwepo miaka mingi kabla yake, lakini yeye aliionyesha kwa vifaa vinne tu: transista moja, rezista moja, taa ya LED, na pete ya feraiti iliyozungushiwa nyaya mbili.

Tangu hapo watu wengi wasiojuana wameiunda upya mezani kwao, wakabadilisha hiki na kile, na kupima.

Inavyofanya kazi

Taa nyeupe ya LED huhitaji karibu volti 3. Kwa hivyo jiwe moja, hata likiwa jipya, haliwezi kuiwasha. Je, mwizi wetu huzitoa wapi volti zilizobaki?

Bila shaka umewahi kufunga mfereji kwa ghafla ukasikia bomba likigonga ukutani. Maji yaliyokuwa mbioni yamezuiwa, na nguvu ya mwendo wake imegeuka kuwa kishindo. Koili ya waya huufanyia umeme jambo kama hilo.

Mkondo mdogo hupita kwenye rezista na kuifungua transista kidogo. Umeme huanza kupita katika waya wa kwanza, na waya wa pili uliozungushwa kwenye pete hiyo hiyo huisukuma transista ifunguke kabisa. Pete ikishiba sumaku, msukumo huo hukoma na transista hujifunga ghafla. Hapo ndipo "bomba hugonga": volti hupanda na taa humweka. Kisha mambo huanza upya.

Mzunguko huo hurudiwa maelfu ya mara kwa sekunde, na ndiyo sababu jicho huona mwanga uliotulia. Kiasi cha volti 0.6 hutosha kuiamsha saketi hii.

Penye mtego

Sasa tega sikio, hasa wewe mwanafunzi. Taa inapowashwa na jiwe ambalo tochi imelikataa, ni rahisi kuamini kwamba kawi imeongezeka. Wapo waliofikia hapo. Wengine wameunda saketi za aina hii zenye koili na betri kadhaa, wakatangaza kwamba zinatoa kawi zaidi ya zinayopokea.

Makosa yao hufanana. La kwanza ni kudhani kwamba volti nyingi ni kawi nyingi. Ukiondoa taa, volti za koili huweza kupanda hadi makumi na hata kuua transista, lakini hizo ni sauti kubwa ya mtu mwenye njaa. Kawi hupatikana kwa kuzidisha volti, mkondo na muda.

Tuseme jiwe lina volti 1 na linatoa miliampea 60. Hizo ni miliwati 60. Taa inapokea volti 3 lakini kwa miliampea 10, yaani miliwati 30. Volti zimeongezeka mara tatu, lakini nusu ya kawi imepotea njiani kama joto.

Kosa la pili ni mita. Mita ya kawaida imeundwa kupima mkondo uliotulia. Ukiipa umeme unaorukaruka, inaweza kukudanganya bila haya.

Kosa la tatu ni jiwe lenyewe. Jiwe lililochoka likipumzishwa, volti zake hupanda tena kidogo. Mtu asiyejua husema saketi imelichaji, kumbe lilikuwa limepumua tu.

Kaparnik mwenyewe hakumdanganya mtu. Alijaribu transista tatu, na vipimo alivyochapisha vilionyesha kwamba kati ya asilimia 57 na 79 ya kawi ndiyo iliyofika kwenye taa. Iliyobaki ilipotea. Hiyo ndiyo kazi ya fundi mwaminifu.

Linganisha na kampuni ya Steorn ya Dublin, Ireland. Mwaka 2006 ilitangaza kwamba imegundua njia ya kupata kawi ya bure, ikawaalika wataalamu waichunguze. Mwaka 2009 jopo la wataalamu 22 lilitoa uamuzi kwa kauli moja: hawakuonyeshwa ushahidi wowote kwamba kawi ilizalishwa.

Kwa hivyo, mzazi, akija mtu kukuuzia jenereta isiyohitaji mafuta wala jua, usimtolee pesa za karo. Mwambie aiache iwashe taa kwa mwezi mzima mbele ya macho yako, bila waya wowote uliofichwa.

Jaribu mwenyewe

Vifaa hivi hupatikana katika maduka ya elektroniki kama yale ya Luthuli Avenue jijini Nairobi. Pete ya feraiti huweza kutolewa kwenye kifaa kibovu, lakini muulize fundi kwanza, kwani vifaa vya umeme wa nyumbani huweza kuhifadhi umeme hata vikiwa vimezimwa. Usivunje balbu za kuokoa umeme za zamani, kwani zina zebaki. Mawe yanayovuja yasishikwe na watoto.

Taa ikikataa kuwaka, usikate tamaa. Mara nyingi waya mmoja umeunganishwa kinyume. Geuza ncha zake na ujaribu tena.

Kisha pima. Chukua mawe mawili yaliyotoka kwenye tochi moja. Moja lifunge kwenye saketi, la pili liache lipumzike. Andika volti za kila moja kila baada ya saa moja. Ukitaka kubadilisha kitu, badilisha kimoja tu: leo rezista, kesho idadi ya mizunguko ya waya. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua ni kipi kilicholeta tofauti. Wala usitegemee jicho kupima mwanga, kwani jicho huzoea giza.

Usione haya kwamba maabara yako ni meza ya jikoni. James Joule, ambaye kipimo cha kawi kina jina lake, alikuwa mwana wa mtengenezaji pombe karibu na Manchester, wala hakuwa profesa. Katika miaka ya 1840 alipima kwa uangalifu joto linalotokana na kazi, hadi mabingwa wa sayansi wakalazimika kumsikiliza.

Silaha yake ilikuwa kupima, kuandika na kurudia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kawi nayo ni mali.