Oman yawafungulia wageni mlango wa biashara, masharti yakibaki

MFANYABIASHARA wa Nairobi au Mombasa asemapo kwamba anakwenda Ghuba kutafuta soko, mara nyingi humaanisha Dubai. Oman, iliyo jirani, husahaulika. Ilhali hili ndilo taifa la Kiarabu ambalo katika karne ya 19 lilikuwa chini ya mtawala mmoja na pwani ya Afrika Mashariki, na ambalo hadi leo Kiswahili husikika madukani na maofisini katika mji wake mkuu, Muscat.

Usahaulifu huo una hasara yake. Sheria za Oman kuhusu wawekezaji wa kigeni zimebadilika pakubwa tangu 2020. Anayetegemea masimulizi ya zamani huenda akamlipa mwenyeji awe mshirika wa jina tu, jambo ambalo sheria haimlazimishi tena kulifanya. Naye anayedhani kwamba masharti yote yameondolewa hushtuka anapofika katika Wizara ya Kazi.

Chini ya sheria ya 1994, mgeni hakuweza kufungua kampuni bila mshirika Mwomani, na alitakiwa kuwa na mtaji usiopungua rial 150,000. Hizo si fedha kidogo. Tangu 1986 rial moja imefungamanishwa na dola kwa kiwango cha takriban dola 2.60, hivyo mtaji huo ulikuwa sawa na dola 390,000. Baada ya Oman kujiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2000, mgeni aliruhusiwa kumiliki hadi asilimia 70 ya kampuni. Wamarekani walipata nafuu zaidi: mkataba wa biashara huru baina ya nchi hizo mbili, ulioanza kutekelezwa Januari 2009, uliwapa haki ya kumiliki kampuni nzima.

Amri ya Kifalme nambari 50 ya 2019, iliyoanza kutumika Januari 2020, iliwapa wageni wengine haki hiyo pia. Sharti la mshirika mwenyeji liliondolewa pamoja na lile la kiwango cha chini cha mtaji. Hata hivyo, ipo orodha ya kazi zilizotengewa Waomani pekee, zikiwemo ushonaji, udobi na saluni, na orodha hiyo imekuwa ikirefushwa. Mtu anayepanga kuanza na kibanda kidogo anafaa kuisoma kabla ya kununua tiketi ya ndege.

Kilichoifanya serikali ilegeze kamba ni mafuta. Oman ilianza kuyauza nje mwaka 1967, lakini akiba yake haikaribii ile ya Saudi Arabia wala Abu Dhabi. Bei ilipoporomoka mwaka 2014, bajeti iliyumba na madeni yakarundikana. Sultan Haitham bin Tariq, aliyeshika hatamu Januari 2020 kufuatia kifo cha Sultan Qaboos, alirithi hazina iliyohitaji mapato mengine. Ushuru wa thamani ulioongezwa wa asilimia 5 ulianza kutozwa Aprili 2021. Kampuni hutozwa asilimia 15 ya faida. Aidha, mwaka 2025 Oman ikawa taifa la kwanza katika Ghuba kupitisha sheria ya kodi ya mapato ya watu binafsi, nayo ni asilimia 5 kwa kiasi kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, itakayoanza 2028.

Lakini si kodi inayowakwamisha wageni wengi. Ni ajira. Zaidi ya thuluthi moja ya wakazi wa Oman, ambao ni takriban milioni tano, ni raia wa kigeni, wengi wao kutoka India, Bangladesh na Pakistan. Vijana wa nchi hiyo wanaomaliza vyuo wanadai nafasi. Mnamo Februari 2011 waandamanaji walijitokeza katika mji wa viwanda wa Sohar wakitaka kazi, na Mei 2021 wakarudi barabarani kwa kilio kilekile. Serikali haijasahau, na ndiyo sababu sera ya kuwaajiri wenyeji, ambayo kwa Kiarabu huitwa taamin, haichukuliwi kuwa mapambo ya karatasini.

Kila sekta imewekewa kiwango cha Waomani wanaopaswa kuajiriwa. Kampuni isiyokifikia hunyimwa vibali vya kuleta wafanyakazi wa nje. Inayotimiza hupunguziwa ada. Januari 2018 serikali ilisimamisha kwa miezi sita utoaji wa viza za kazi kwa wageni katika taaluma 87, na waliokuwa wamepanga kuleta wahasibu au mafundi wao walibaki kungoja. Kwa hivyo, mwekezaji anayepiga hesabu ya mishahara kwa kufuata viwango vya vibarua wa kigeni pekee anajidanganya. Mshahara wa Mwomani, pamoja na mchango wa hifadhi ya jamii, sharti uwe katika hesabu tangu siku ya kwanza.

Kwa wengi wa Wakenya, hata hivyo, hakuna haja ya kufungua kampuni. Anayeuza chai, nyama ya mbuzi au parachichi anachohitaji ni mnunuzi au wakala. Hapa pana sheria ya mawakala ya 1977, ambayo imelegezwa mara kadhaa lakini ingali inataka mkataba wa uwakala usajiliwe katika wizara ya biashara. Mkataba wa mdomo, hata ukiwa umefungwa kwa kahawa, halwa na maamkizi ya Kiswahili, hautamfaa mtu mahakamani.

Jambo hilo la lugha huwapotosha baadhi ya watu. Ni kweli kwamba baada ya 1970 Sultan Qaboos aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa ughaibuni, na maelfu waliotoka Zanzibar na bara wakarudi na Kiswahili chao. Wengi walikuwa na elimu na wakapata nyadhifa serikalini na katika kampuni za mafuta. Kiswahili humpatia mgeni makaribisho, na pengine nambari ya simu ya mtu wa maana. Hakimpatii cheti cha halali cha nyama, wala hakiondoi ulazima wa cheti cha afya ya mimea kinachotolewa na shirika la KEPHIS.

Mizigo nayo imebadilisha njia. Anayetazamia kuteremsha makontena katika bandari kongwe ya Muttrah, pale Muscat, amechelewa: shughuli za mizigo zilihamishiwa Sohar mwaka 2014 na Muttrah ikaachiwa meli za watalii. Salalah, iliyo kusini, na Duqm, ambako kiwanda cha kusafisha mafuta kilichojengwa kwa ubia na Kuwait kilizinduliwa Februari 2024, zote ziko nje ya mlango-bahari wa Hormuz, hivyo meli itokayo Mombasa haina haja ya kuupita. Wauzaji wa matunda na mboga nao wajue kwamba soko kuu la jumla lilihamishwa kutoka Mawaleh hadi Khazaen, karibu na Barka, mwaka wa 2024.

Ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi ni asilimia 5, kiwango cha pamoja cha nchi sita za Baraza la Ushirikiano la Ghuba tangu 2003. Shehena ndogo ya kwanza inafaa kulipwa kupitia benki, ambapo benki ya mnunuzi huahidi kulipa pindi hati za usafirishaji zinapowasilishwa. Na kwa kuwa mahakama za Oman huendesha kesi kwa Kiarabu, ni vyema mkataba utaje mapema usuluhishi utafanyika wapi na kwa lugha gani. Oman na Kenya zote zimejiunga na Mkataba wa New York, unaoziwezesha mahakama za nchi moja kutekeleza uamuzi wa wasuluhishi uliotolewa katika nchi nyingine.