Kabla ya kuwasha taa za bustani, mwaga maji

Mwishoni mwa masika mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa miaka minane. Homa kali, siku ya tatu. Kichwa kinamuuma, zaidi nyuma ya macho, na viungo vyote vinauma. Alishapimwa malaria mara mbili, hana. Nyumbani walikuwa wamempa diklofenaki iliyobaki ya dada yake ili apate nafuu. Tulipompima dengue, ambayo wengi mnaijua kwa jina la kidingapopo, tukakuta anayo.

Nikamuuliza mama kuhusu mazingira ya nyumbani. Akafungua simu akanionyesha, kwa furaha kabisa, bustani waliyoitengeneza mbele ya nyumba kwa ajili ya kupumzika jioni. Taa za sola kando ya njia, asmini imepanda kwenye wavu, mkeka na mito, na matairi ya zamani yaliyopakwa rangi nyeupe na kupandwa maua ili yaonekane gizani. Ilikuwa nzuri kweli. Nikamwomba akifika nyumbani aangalie ndani ya kingo za yale matairi. Usiku akanitumia picha: kikombe cha maji kimejaa viluwiluwi vya mbu.

Sitaki mtu aache bustani yake. Kwa joto la Dar es Salaam au Tanga, saa moja jioni uani kuna raha kuliko sebuleni, na watoto wanaokaa nje wakipiga soga na wazazi wao wananifurahisha mimi kama daktari. Ila anza na maji, taa zifuate.

Mbu wanaotusumbua bustanini wana zamu mbili. Aedes, anayeeneza dengue, huuma mchana, zaidi asubuhi na kuelekea machweo, yaani muda uleule unapomwagilia maua na kutandika mkeka. Giza likiingia anakuja Anopheles, wa malaria, na baadhi yao huuma watu wakiwa bado nje. Chandarua kitakulinda ukishapanda kitandani, si kabla.

Aedes hahitaji dimbwi. Kisahani chini ya chungu cha maua kinamtosha, au tairi, ndoo, kifuu, hata kifuniko cha chupa. Kwa joto letu, yai huwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi, kwa hiyo kagua kila wiki, siku ileile, usisubiri mpaka uone mbu. Na kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mayai hunata kwenye ukuta wa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha mvua ikinyesha yanaanguliwa. Sugua chombo kwa brashi. Tairi litoboe chini, au lijaze udongo hadi ukingoni. Mimi nilishaondoa visahani vyote kwangu. Sakafu inachafuka kidogo, basi.

Taa nazo zina yake. Mwanga mweupe wenye ubluu huvuta wadudu wengi kuliko wa njano, kwa hiyo chagua wa njano, uweke chini na mbali na mnapokaa. Mbu hasa hufuata pumzi na harufu ya mwili, hivyo taa haitamzuia, lakini utapunguza wadudu wengine, akiwemo yule mwembamba mwenye mapande mekundu na meusi anayeitwa Nairobi fly. Akikutua usimponde, mpeperushe. Maji ya mwili wake ndiyo yanayounguza ngozi, na ukijifuta jicho kwa mkono huohuo utajuta.

Wagonjwa huniuliza kama mrehani na mchaichai hufukuza mbu. Mmea uliosimama kwenye chungu haufanyi kazi hiyo kwa kiasi cha kukutegemeza. Upande kwa harufu na kwa chai. Feni ikiwa karibu na mkeka inasaidia zaidi, maana mbu si hodari wa kuruka kwenye upepo. Wavalishe watoto mikono mirefu, na dawa ya kujipaka soma umri ulioandikwa kwenye kopo. Mchanga wa chini ya miezi miwili asipakwe. Dawa ya mbu ya kuchoma msiiwashe karibu na mtoto mwenye pumu, hata kama mko nje.

Kuna ua moja linalonitia hofu: lile kubwa jeupe linaloning'inia kama tarumbeta na kunukia sana usiku. Ni sumu yote, majani, maua na mbegu. Mtoto aliyelila hukauka mdomo, huwa mwekundu na wa moto, mboni za macho zinapanuka, na huanza kuongea asiyoyajua. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Penye watoto wadogo panda asmini.

Tukirudi kwa mgonjwa wangu: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini haziruhusiwi ikiwa dengue inashukiwa, kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu. Tumia parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake na maji mengi. Na homa ikishuka usimwache macho. Hapo ndipo hatari huanza kwa baadhi yao: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, mtoto kulegea au kuhangaika. Ukiona dalili moja, rudi hospitali, hata kama ni usiku wa manane.

Kijana alitoka fizi damu siku ya tano, tukamlaza, na baada ya siku tatu akarudi nyumbani. Mama yake ameyatoboa matairi yote isipokuwa mawili, hayo ameyatupa.