Kiti Kinachokumbusha: Vihisi na Vidonda vya Kulalia (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia pale damu inapozuiliwa. Tuliona kwamba uzito wa anayeketi hutua hasa kwenye mifupa miwili ya makalio, na nyama iliyo kati ya mifupa hiyo na kiti hubanwa. Mwenye hisia kamili hujisogeza bila hata kujua, kwa sababu makalio yenyewe humlalamikia. Aliyeumia uti wa mgongo malalamiko hayo hayamfikii. Anaweza kukaa ufuoni Sindo tangu mashua za omena zirudipo alfajiri hadi jua la utosi, akipima kwa gorogoro na kupokea malipo kwa simu, huku nyama ikifa chini yake pasipo uchungu wowote.

Vihisi (nakataa kuviita sensa, sensa ni ya kuhesabu watu) vinajaribu kuipitisha habari hiyo njia nyingine. Hushonwa katika mkeka mwembamba unaotandikwa juu ya mto wa kiti. Mkeka una vitambaa viwili vinavyopitisha umeme, na katikati yake kitu laini ambacho umeme hupita kwa shida. Kikikandamizwa, umeme hupita kwa urahisi zaidi. Kompyuta ndogo, ya kuenea ndani ya kiberiti, husoma tofauti hiyo katika kila kijisehemu na kuchora kwenye simu ramani ya rangi: buluu pasipo na mzigo mkubwa, nyekundu palipolemewa. Muda ukizidi, simu hutetemeka.

Lakini itetemeke lini? Vitabu vingi hutaja milimita 32 za zebaki. Namba hiyo ilitokana na kazi ya Eugene Landis, mwaka 1930, aliyepima msukumo wa damu katika vimishipa vya ngozi ya kidole, karibu na ukucha. Kidole si tako. Mtu akiketi tu, hata juu ya mto mzuri, hupita kipimo hicho kwa mbali, kwa hiyo kiti kilichopangiwa 32 kingelia mchana kutwa na mwenyewe angekizima kabla ya chakula cha mchana. Cha maana zaidi ni uzito ukijumlishwa na muda: mgandamizo mdogo wa saa nyingi huua nyama sawasawa na mkubwa wa muda mfupi.

Na habari ikishafika, mtu afanye nini? Wengi wamefundishwa kushika kiti na kujiinua kwa mikono, kisha kujirudisha baada ya sekunde chache. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliopima oksijeni katika ngozi ya makalio ya watu walioumia uti wa mgongo. Oksijeni ilihitaji, kwa wastani, dakika 1 na sekunde 51 kurudi kiwango chake. Nani atajining'iniza kwa mikono muda wote huo, tena mara kadhaa kwa siku, bila kuharibu mabega ambayo ndiyo miguu yake? Kuinama mbele, kifua kikalalia mapaja, au kuegemea upande mmoja kisha mwingine, kunawezekana kwa dakika mbili. Mtu akiiona nyekundu ikigeuka buluu kwa macho yake, haamini tena maneno ya mtu; anajua.

Ndiyo maana ningekuwa na mkeka mmoja tu kwa kaunti nzima ya Homa Bay, nisingempa mtu mmoja aukalie daima. Ungekaa chumba cha tiba ya viungo, kila mwenye kiti cha magurudumu apite hapo, ajue mto wake unambana wapi na mkao upi unamwokoa. Joto la ziwani, jasho na mkojo huviharibu vihisi upesi. Mkeka mgumu ukitandikwa juu ya mto laini huuzuia mto usibonyee, ukaleta shida ileile uliyotumwa kuizuia. Tena vihisi vya kawaida havipimi mvutano wa ngozi mtu anapoteleza kitini, na barabara zetu za mashimo zina mvutano mwingi. Akirudi nyumbani, kengele ya simu kila nusu saa yatosha kumkumbusha. Hata mulika mwizi inayo.

Jambo moja zaidi kuhusu ngozi. Maagizo mengi yaliandikwa kwa watu weupe: tafuta wekundu. Kwetu wekundu hauonekani. Jioni, kwa kioo au kamera ya simu, au kwa kiganja cha mtu wa nyumbani, tafuta pale palipo na joto kuliko jirani yake, palipokakamaa, palipozidi weusi. Ukipaona, usipakalie hadi parudi hali yake, na ngozi ikichubuka nenda hospitali siku hiyohiyo.

Juma lijalo tutaupasua mto wenyewe: sponji ipi hudumu, ipi hulala baada ya miezi michache, na jinsi fundi wa kushona viti vya matatu anavyoweza kuikata.